Unaenda kupimwa moyo: hatua za kufuata kabla ya vipimo, wakati wa vipimo na siku ya majibu

Mtu anabandikwa waya kifuani kwa dakika chache, anapewa karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka, anaambiwa "iko sawa," basi anaondoka akiamini moyo wake hauna tatizo lolote. Baadaye kifua kinambana akipanda ngazi, naye anapuuza kwa sababu "nilishapimwa." Imani ya namna hii inaua watu. Ndiyo maana naona kila mgonjwa anastahili kujua jambo moja kabla hajaingia chumba cha vipimo: hakuna kipimo kinachoujibia moyo wote. Kila kipimo kina swali lake, na nje ya swali hilo hakina la kusema.

Moyo una mambo manne yanayoweza kuharibika, kila moja kivyake. Kuna msuli unaosukuma damu. Kuna vali, ile milango inayohakikisha damu inakwenda mbele na hairudi nyuma. Kuna umeme unaoamuru mapigo. Na kuna mishipa ya koronari, inayoulisha damu moyo wenyewe. Mtu anaweza kuwa na umeme mzuri kabisa huku vali yake moja imesinyaa. Mwingine ana msuli wenye nguvu, ila mshipa mmoja umeziba kwa asilimia 80. Shika hayo manne kichwani, tutayarudia.

Kwanza kabisa: dharura haisubiri miadi

Ukihisi maumivu au mgandamizo katikati ya kifua usioisha ndani ya dakika chache, hasa ukisambaa hadi mkononi, begani, shingoni, kwenye taya au mgongoni, ukitokwa na kijasho baridi, ukisikia kichefuchefu au pumzi ikikuishia, acha kusoma. Piga simu ya dharura au upelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na usiendeshe gari mwenyewe. Wanawake, wazee na wenye kisukari wakati mwingine hupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali ya kifua. Wao huja na uchovu wa ghafla, kukosa pumzi, au hali wanayoidhania ni tumbo. Haraka ina sababu yake: msuli wa moyo uliokatiwa damu huanza kufa, na ukishakufa haurudi. Mshipa ukifunguliwa mapema, sehemu kubwa ya msuli huokoka.

Mtu akianguka, haitiki ukimwita na hapumui kawaida, huyo moyo wake umesimama. Mwingine aite msaada, wewe anza kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika hadi msaada ufike.

Hatua ya 1: Andika maelezo yako kabla ya kwenda

Naiweka hatua hii mbele ya mashine zote kwa sababu ndiyo inayoamua mashine ipi itumike. Daktari mzuri wa moyo hupata sehemu kubwa ya jibu kwa kusikiliza. Mgonjwa anayesema tu "kifua kinauma" anamwacha daktari abahatishe.

Andika hivi: maumivu yako wapi hasa, yanafananaje (yanachoma, yanabana, yanakandamiza), yanaanza ukiwa unafanya nini, yanakaa muda gani, na yanaondokaje. Maumivu yanayokuja ukitembea kwa haraka au ukibeba mzigo, kisha yanatulia ndani ya dakika chache ukisimama, yanaelekeza kwenye mishipa ya koronari. Yale unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole na yanazidi ukipabonyeza, mara nyingi yanatoka kwenye misuli au mbavu. Daktari ndiye atakayeamua, lakini bila maelezo yako hana pa kuanzia.

Kama tatizo ni pumzi, eleza ulikuwa unaweza kufanya nini miezi 6 iliyopita na leo unaweza nini. Unalala na mito mingapi? Unaamka usiku ukitafuta hewa, ukilazimika kuketi kitandani? Bonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole gumba: kikiacha shimo linalochukua muda kujaa, sema hivyo. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo huwa ni maji, wala si mafuta.

Kama ni mapigo kwenda mbio, jaribu kukumbuka yanaanzaje, ghafla au polepole, na yanakatikaje. Daktari anaweza kukuomba uyagonge mezani kwa kidole jinsi unavyoyasikia. Usione haya. Mapigo ya kasi yaliyopangika na mapigo yaliyovurugika bila mpangilio ni magonjwa mawili tofauti, na kidole chako kinaweza kuyatenganisha pale pale. Na kama umewahi kuzimia, taja ulikuwa unafanya nini. Kuzimia katikati ya mazoezi ni jambo zito kuliko kuzimia baada ya kusimama muda mrefu juani.

Ongeza historia ya familia: nani alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 kwa mwanamume au 65 kwa mwanamke, na nani alikufa ghafla akiwa kijana. Kisha beba dawa zako zote katika pakiti zake. Zote, pamoja na za mitishamba na za maumivu unazonunua bila cheti. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hupandisha presha na kuufanya mwili ushike maji, na kwa mwenye moyo dhaifu hilo pekee linaweza kumlaza hospitali.

Hatua ya 2: Pima presha nyumbani, na uipime sawasawa

Presha ya juu ndiyo inayochosha moyo kimyakimya kuliko kitu kingine, na ndiyo inayopimwa vibaya kuliko zote. Usinywe kahawa, usivute sigara wala usifanye mazoezi kwa dakika 30 kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Keti kwenye kiti chenye mgongo, egemea, nyayo ziwe sakafuni na miguu isipishane. Mkono ulale mezani, usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi badala ya juu ya shati. Tulia dakika 5. Usizungumze. Kisha pima mara mbili, ukiacha dakika moja au mbili katikati, na uandike zote mbili.

Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa presha ya juu isiyokuwepo, kwa hiyo ukubwa wake si jambo la kupuuza. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki moja, halafu mpelekee daktari daftari zima. Kliniki, 140 kwa 90 na kuendelea huhesabiwa kuwa presha ya juu. Nyumbani kiwango kinashuka hadi 135 kwa 85, kwa sababu watu wengi hupandwa na presha wakimwona tu mtu wa koti jeupe. Baadhi ya miongozo, ikiwemo ya Marekani tangu 2017, inaanzia chini zaidi, 130 kwa 80.

Hesabu na mapigo pia, kwa vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika; wanamichezo huwa chini ya hapo bila ugonjwa. Hesabu dakika nzima, maana unatafuta pia kama mapigo yanarukaruka.

Hatua ya 3: Daktari anapokuchunguza kwa mikono na masikio

Atatazama mishipa ya shingo ukiwa umelala nusu, kwa sababu ikivimba inaonyesha damu inakwama kuingia moyoni. Atasikiliza chini ya mapafu kama kuna maji. Kisha stetoskopu, chombo ambacho Mfaransa René Laennec alikibuni mwaka 1816 akianza na karatasi aliyoikunja kama bomba. Sauti ya "lab-dab" ni ya vali zikifunga. Mvumo kati ya sauti hizo unaweza kuwa damu inapita kwenye vali iliyosinyaa au inarudi nyuma kupitia vali inayovuja, ingawa kuna mivumo isiyo na madhara, hasa kwa watoto na wajawazito. Ukiambiwa una mvumo, kipimo kinachofuata ni eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Hatua ya 4: Vipimo vya damu

Hapa kuna makundi mawili, na ni vizuri usiyachanganye. La kwanza linatafuta visababishi: kolesteroli, sukari, kazi ya figo, wingi wa damu na tezi ya thairoidi. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuhema na kupigwa na moyo kama mgonjwa wa moyo, na thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi inaweza kuvuruga mapigo. Kwa kipimo cha mafuta ya damu, kufunga kula hakuhitajiki kila mara, uliza kabla.

Kundi la pili linauliza kama moyo wenyewe umeumia. Troponini ni protini iliyo ndani ya seli za msuli wa moyo. Seli zikiumia, inavuja na kuingia kwenye damu. Inachukua saa kadhaa kupanda, ndiyo maana hospitali hukutoa damu zaidi ya mara moja. Kipimo cha kwanza kikiwa safi na umefika saa moja tu baada ya maumivu, usikubali kujiondokea kwa sababu umechoka kusubiri. Cha pili ndicho kinachokamilisha jibu. Kingine ni BNP, au ndugu yake NT-proBNP, homoni ambayo moyo huitoa kuta zake zikivutwa na mzigo wa damu. Kwa mtu aliyekuja akihema, BNP iliyo chini ya 100 inafanya moyo kushindwa kufanya kazi kuwa jambo lisilo na uwezekano mkubwa, na daktari huanza kutafuta sababu kwingine, kwa mfano kwenye mapafu.

Hatua ya 5: ECG, kipimo cha umeme

Mholanzi Willem Einthoven alikitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake ya kwanza ilijaza chumba; ya leo inabebeka kwa mkono mmoja.

Usijipake mafuta wala losheni kifuani siku hiyo, maana elektrodi, vile vibandiko vya kushikia waya, hazitashika. Vaa nguo inayofunguka mbele. Utabandikwa elektrodi 10, sita kifuani na nne kwenye mikono na miguu, na kutokana na hizo mashine inachora picha 12 za umeme ule ule ukitazamwa kutoka pande mbalimbali. Hakuna umeme unaoingia mwilini. Mashine inasikiliza tu. Ukitetemeka kwa baridi au ukiongea, mistari inachafuka, hivyo omba shuka kama chumba ni baridi.

Chukua karatasi yako uitazame kwa karibu. Kwa kawaida inatembea milimita 25 kwa sekunde. Kijumba kidogo ni sekunde 0.04, kijumba kikubwa ni sekunde 0.2. Tafuta kilele kirefu chembamba, hesabu vijumba vikubwa hadi kilele kinachofuata, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo. Vikiwa vinne, mapigo yako ni 75 kwa dakika. Kivimbe kidogo kabla ya kilele ni vyumba vya juu vikipokea amri ya umeme. Kilele ni vyumba vya chini. Kivimbe cha baada ya kilele ni vyumba vya chini vikijiandaa upya. Kipande kilicho kati ya kilele na kivimbe cha mwisho ndicho madaktari wanachokikodolea macho kwa mgonjwa wa maumivu ya kifua, kwa sababu kikipanda kinaweza kumaanisha mshipa mkubwa umeziba sasa hivi.

Sasa fanya hesabu. Karatasi hiyo kwa kawaida imebeba sekunde 10. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na wewe una mapigo kama 12 mkononi. Kama umeme wako unavurugika mara moja kwa wiki, uwezekano wa kuudaka kwa sekunde 10 ni mdogo mno. Vilevile mshipa uliosinyaa unaweza usionyeshe dalili yoyote ukiwa umelala umetulia, kwa sababu moyo uliotulia unahitaji damu kidogo. ECG nzuri ni habari njema, lakini ni habari njema ya sekunde 10 za mapumziko. Maandishi yanayochapwa juu ya karatasi na mashine yenyewe nayo yasikutishe wala kukufariji. Subiri daktari ayasome.

Kwa mapigo yanayokuja na kuondoka, omba Holter, kifaa kidogo unachovaa kwa saa 24 hadi 48. Siku hizi kuna vibandiko vinavyokaa hadi wiki mbili. Thamani yake iko kwenye daftari lako zaidi ya kifaa chenyewe. Ukisikia moyo ukiruka, bonyeza kitufe, andika saa na ulichokuwa ukifanya. Ishi kama kawaida, panda ngazi zako, fanya kazi zako. Anayejilaza siku nzima "ili kipimo kitoke vizuri" amekiharibu.

Hatua ya 6: Eko, kuutazama moyo ukifanya kazi

Kama ningelazimika kuchagua kipimo kimoja ambacho mgonjwa akielewe vizuri, ningechagua hiki. Eko ni ultrasaundi ya moyo. Ilianza Lund, Sweden, mwaka 1953, pale daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipotumia mawimbi ya sauti kuona mwendo wa moyo ulio hai. Haina mionzi wala maumivu, na kwa eko ya kawaida huhitaji kufunga kula.

Utavua nguo ya juu na kulala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, ili moyo usogee karibu na ukuta wa kifua na mbavu ziachane. Mtaalamu atapaka jeli, kisha atabonyeza kifaa chake kati ya mbavu, na wakati mwingine atakwambia "toa pumzi, ishikilie." Kubonyeza kunaweza kukera kidogo; anatafuta upenyo, kwa sababu mfupa na hewa vinazuia picha. Inachukua kama nusu saa hadi saa moja. Kwenye skrini utaona rangi nyekundu na bluu zikimulika. Wagonjwa wengi hudhani nyekundu ni damu safi na bluu ni chafu. Sivyo. Nyekundu ni damu inayoelekea kwenye kifaa, bluu ni inayokwenda mbali nacho. Ndivyo vali inayovuja inavyojifichua: rangi inaonekana ikirudi upande usiopaswa.

Eko inajibu maswali ya msuli na vali: vyumba vina ukubwa gani, kuta zina unene gani, sehemu ipi haisogei vizuri, vali ipi imesinyaa au inavuja, kuna maji kwenye mfuko unaozunguka moyo au la. Kwa kijana mwenye vali zilizoharibika kutokana na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kwenye maambukizi ya koo ya bakteria yasiyotibiwa, hapa ndipo ukweli unapoonekana. Kile ambacho eko ya kawaida haionyeshi ni mishipa ya koronari iliyosinyaa. Inaweza kuona msuli ulioumizwa na mshipa, lakini mshipa wenyewe hauonekani vya kutosha kuusemea.

Kwenye ripoti utaona herufi EF na asilimia. Hapa watu huumia roho bila sababu. EF ni sehemu ya damu iliyomo kwenye chumba cha chini cha kushoto inayotolewa kwa pigo moja. Chumba kikijaa mililita 120 na kutoa 70, EF ni kama asilimia 58, na hiyo ni ya kawaida kabisa. Hakuna moyo unaotoa damu yote. Kwa hiyo "asilimia 60" haimaanishi umepoteza 40. Kwa jumla 50 hadi 70 ni kawaida. 41 hadi 49 imepungua kidogo. 40 kushuka chini imepungua, na kuna dawa ambazo zimethibitika kurefusha maisha ya wagonjwa wa kundi hilo, baadhi yao wakaona EF ikipanda tena. Halafu kuna wale wenye EF nzuri lakini wanahema na miguu inavimba: moyo wao unasukuma sawa, ila umekakamaa na haujai vizuri. Ukiambiwa "EF yako nzuri" na bado huwezi kutembea, rudi useme. Na EF ikitoka 55 kwenda 52 kati ya eko mbili, usilie. Tofauti ndogo hutokana na upimaji wenyewe na jicho la anayepima.

Picha isipotosha, kuna eko inayopita kooni. Hiyo utafunga kula kwa saa 6 hivi, utanyunyiziwa ganzi kooni na kupewa dawa ya kukutuliza, na utahitaji mtu wa kukurudisha nyumbani.

Hatua ya 7: Kipimo cha mazoezi

Huu ndio wakati wa kuuliza moyo kitu ukiwa kazini. Unatembea kwenye mashine ya kukimbilia ukiwa na waya za ECG na mkanda wa presha. Katika utaratibu unaoitwa wa Bruce, kila dakika 3 mashine inaongeza kasi na mwinuko. Lengo huwa kufikia angalau asilimia 85 ya mapigo ya juu kabisa yanayokadiriwa kwa umri wako, yaani 220 ukitoa miaka yako. Mwenye miaka 50 analenga kama 145.

Vaa viatu vya kutembelea, usile mlo mzito saa mbili au tatu kabla, na uliza mapema kuhusu dawa. Betabloka hupunguza mapigo na zinaweza kuficha jibu, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Kuziacha ghafla kunaweza kuchochea maumivu ya kifua, hata mshtuko wa moyo. Ukiwa juu ya mashine, sema kila unachokihisi. Wapo wanaojikaza wasionekane dhaifu mbele ya muuguzi. Hapa hakuna wa kumshinda. Maumivu yanayokuja ndiyo jibu linalotafutwa, na yanatakiwa yaje mbele ya daktari kuliko yaje ukiwa peke yako.

Ukichoka mapema kabla mapigo hayajafika, matokeo huwa hayatoshi kutoa uamuzi. Hayo hayamaanishi kwamba uko salama. Mwenye magoti mabovu asilazimishwe kutembea: anaweza kupewa dawa ya dripu kama dobutamini inayoufanya moyo ukimbie, huku eko ikitazama sehemu ya msuli inayolegea.

Hatua ya 8: Kuitazama mishipa yenyewe

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni skani ya CT ya koronari, inayotumia eksirei kupiga picha za mishipa hiyo: rangi maalumu inaingizwa kwenye mshipa wa mkono, unashika pumzi, mashine inapiga picha. Mapigo yakiwa ya kasi picha inafifia, hivyo unaweza kupewa dawa ya kuyapunguza. Taja kama una ugonjwa wa figo, kama uliwahi kudhurika na rangi hiyo, au kama una ujauzito. Kuna pia skani rahisi isiyo na rangi inayohesabu chokaa kwenye mishipa. Sifuri ni jibu zuri, ila mafuta laini yasiyo na chokaa bado hayahesabiki humo, kwa hiyo mwenye dalili asiridhike na sifuri pekee.

Ya pili ni angiografia kwa katheta. Mwaka 1929 kijana wa Kijerumani, daktari Werner Forssmann, alijipitisha mrija kwenye mshipa wa mkono wake hadi moyoni, akatembea hadi chumba cha eksirei kuthibitisha ulipofika. Mwaka 1956 alishiriki tuzo ya Nobel. Leo unachomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, mrija mwembamba unapitishwa ukiwa macho, na rangi inamwagwa moja kwa moja ndani ya mishipa. Rangi ikiingia, hasa ikimwagwa kwa wingi ndani ya chumba cha moyo, unaweza kuhisi joto likienea mwilini hadi ukadhani umejikojolea. Hujajikojolea, linapita ndani ya sekunde chache.

Kwa kawaida mshipa huhesabiwa umesinyaa kwa kiwango cha kutia wasiwasi kuanzia asilimia 70, na 50 kwa shina kuu la kushoto. Penye shaka, daktari anaweza kupitisha waya unaopima shinikizo kabla na baada ya pale palipobana. Uwiano wa 0.80 au chini yake unaonyesha msuli kweli unakosa damu. Kabla ya kusaini kibali, uliza: mkikuta kizuizi, mtaweka stenti (kijirija cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi) hapo hapo au tutajadili kwanza? Swali hilo ni haki yako. Taja dawa za kuzuia damu kuganda, dawa ya kisukari iitwayo metformini na mzio wowote. Hatari zipo, ni chache lakini za kweli: kutokwa damu, kiharusi, figo kuathirika. Ukirudi nyumbani usinyanyue mizigo kwa siku ulizoelekezwa, na jeraha likianza kutoa damu, libonyeze kwa nguvu bila kuachia na uombe msaada.

Eksirei ya kifua, MRI na skani za nyuklia nazo zina nafasi yake. MRI, skani inayotumia sumaku, inafaa sana kuona kovu na uvimbe ndani ya msuli. Mwambie mtaalamu kama una kifaa au chuma chochote mwilini.

Hatua ya 9: Siku ya majibu

Usiulize tu "niko sawa?" Uliza: kipimo hiki kilikuwa kinatafuta nini? Kimejibu, au picha haikutosha? Kati ya msuli, vali, umeme na mishipa, kipi bado hakijatazamwa? Dalili zangu zimeelezwa na majibu haya, au tunaendelea kutafuta? Nirudie lini, na nikiona nini nisisubiri tarehe hiyo? Nenda na mtu wa kukusaidia kusikiliza, maana mgonjwa mwenye hofu husahau nusu ya aliyoambiwa kabla hajafika mlangoni.

Omba nakala za kila kitu, pamoja na ripoti ya eko yenye vipimo vyake. Karatasi ya ECG mara nyingi huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia. Ipige picha siku hiyo hiyo, na usiitie kwenye plastiki kwa mashine ya joto kwa sababu itageuka nyeusi yote. Daktari atakayekupokea usiku wa dharura akiwa na ECG yako ya zamani ya kulinganisha ataamua haraka zaidi, maana mstari unaotisha leo huenda ulikuwa hivyo hivyo miaka mitano iliyopita. Weka picha hizo kwenye simu, na umwonyeshe ndugu mmoja mahali zilipo.